Meno ya Ukuta wa Nyuma

Kijiwe chao ni siti ya nyuma ya minivan, siti ya watu watatu, iliyopachikwa juu ya matofali katika uchochoro ulio nyuma ya nyumba ya Nshombo, mjini Louisville, Marekani. Minivan yenyewe ilikufa barabarani ikitokea Columbus, siti ikapona. Nshombo alikuwa mwashi kwao Walungu, mashariki mwa Kongo, na kwa kuwa hawezi kukaa mahali palipopinda, watu wakamwita Timazi. Aliipima siti ile kwa nivo, yaani pimamaji, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuikalia. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, waliotoka zamu ya usiku boharini na wale ambao zamu yao ni ya mchana hukutana hapo, hunywa kahawa ya Mama Nabintu, mama yake Timazi, na kuutazama ukuta wa nyuma. Si ukuta mzuri. Nusu yake ya kushoto imefichwa na kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya kijani na mtu ambaye hayuko tena. Lakini siti imeelekea huko, na hakuna aliyewahi kupendekeza igeuzwe.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba kulikuwa na barua.

Ilitoka katika ofisi ya mji inayolinda nyumba za zamani. Nyumba ya Timazi ni ya tatu katika safu ya nyumba nne za matofali zilizoshikana kuta, za mwaka 1891. Chini kuna sebule na jiko. Vyumba vya kulala viko juu, na choo kiko juu. Mama Nabintu, mwenye miaka sabini na minne na goti moja linalofanya kazi, hulala sebuleni, na kila akitaka kwenda haja hupanda ngazi kumi na nne, mkono mmoja ukutani. Usiku Timazi huzihesabu akiwa kitandani. Akifika ya tisa, mama hupumzika.

Kwa hiyo Timazi alikuwa ameomba ruhusa ya kuongeza chumba nyuma. Aliuchora mchoro mwenyewe, kwa penseli na rula ya shule ya binti yake: chumba cha mita tatu kwa nne, kuta za unene wa matofali mawili, choo na bafu ndani, mlango usio na kizingiti, dirisha linalotazama uchochoroni ili mama aone wanaokunywa kahawa yake. Ofisi ilikubali karibu yote. Ilikubali matofali ya zamani aliyoyapata kwenye shule iliyobomolewa. Ilikubali ayapange kama yalivyopangwa katika nyumba yenyewe, mistari mitano ya matofali yaliyolala, mmoja wa matofali yanayoonyesha kichwa. Ilimsifu hata kwa kutumia chokaa, maana saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani, na nyumba ikijinyoosha, tofali ndilo linalopasuka.

Ilikataa meno.

Barua ilisomwa na Esperance, akitafsiri. Yeye huhudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Highview, na kwa sababu hujaza fomu za nusu ya kanisa, kijiweni jina lake ni Madame Fomu. Alisoma polepole, kama anayetoa dawa.

— "Kila kitakachojengwa nyuma kifuate mfano ulioko katika nyumba ya asili. Matofali yaliyoachwa yakitokeza kwenye pembe ya kulia hayana mfano katika nyumba hii ya Kiviktoria. Mwombaji ayaondoe katika mchoro, au aonyeshe mfano, kabla ya Jumatatu saa sita mchana."

— Viktoria gani? — aliuliza Rurangwa, mmoja wa waliokaa kwenye siti.

— Malkia wa Waingereza.

— Alitawala hapa?

— Hapana.

— Donc anaingia namna gani kwa jiko ya Timazi?

Madame Fomu alisema hilo halikuwa kwenye barua.

Timazi alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo ya chokaa iliyofunikwa, mchoro ukiwa mapajani. Hakuhitaji kuutazama. Kwenye pembe ya kulia ya chumba kipya alikuwa amechora matofali yakitokeza nusu moja baada ya jingine, tofali nje, tofali ndani, kutoka chini mpaka juu. Kwao hakuna mwashi anayefunga ukuta wa mwisho ukawa laini. Unaacha meno, ili siku chumba kingine kikihitajika, ukuta mpya uyaume na kushika. Kule Walungu, mtu akiona pembe iliyofungwa, huuliza kwa adabu kama watoto wa nyumba ile walikufa. Timazi mwenyewe alizaliwa katika chumba kilichoshika meno ya baba yake. Alipochora, mkono uliyaweka meno bila kumuuliza.

Lakini baadaye yalipata mwenyewe. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake jikoni, akaweka kidole kwenye pembe ile.

— Hapa njo Bagula, — alisema.

Alimaanisha kwamba hapo ndipo kitashika chumba cha Bagula, mdogo wake Timazi. Yuko kambini Nakivale, Uganda, na mke na watoto watano. Faili lake la kuja Marekani lilipita mahojiano, likapita daktari, likapewa mwezi wa safari. Kisha mwezi ule ukaja ukaondoka, na faili likasimama, na sasa ni mwaka wa pili. Mama Nabintu husema amechelewa njiani. Hajawahi kusema neno jingine.

Kuhusu barua, mama hakuwa ameambiwa.

— Bon, — alisema Rurangwa. — Miye najua shida yao.

Rurangwa aliishi Buffalo miaka sita kabla ya kuhamia Louisville, na huitwa Bafalo kwa sababu hakuna jambo linalopita mbele yake lisipate theluji. Alieleza kwamba tofali likitokeza, barafu inakaa juu yake. Mchana inayeyuka, inaingia ndani. Usiku inaganda tena, inavimba. Kule Buffalo aliona ukuta uliopasuka hivyo kuanzia Novemba hadi Pasaka, kidogo kidogo, na watu wakiwa ndani wanaangalia televisheni.

Timazi alikiri moyoni kwamba hilo lilikuwa na akili. Lilikuwa la mwisho lenye akili asubuhi ile.

— Si barafu, — alisema Zéphyrin. — Ni njiwa.

Zéphyrin ana shemeji Columbus, na shemeji huyo ameshatokewa na kila kitu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo Zéphyrin, ambaye amefika Columbus mara mbili tu, huitwa Kolombasi. Alisema shemeji yake aliacha meno kwenye ukuta wa gereji. Njiwa wakaja, mmoja kila jino. Wakataga. Mji ukaleta mtu mwenye kofia, akasema ndege anayetaga halindwi na mwenye nyumba, analindwa na serikali. Shemeji akakatazwa kufungua mlango wa gereji mpaka vifaranga waruke.

— Na gari? — aliuliza Madame Fomu.

— Gari ilikuwa ndani.

— Miezi mingapi?

— Njiwa anataga tena na tena, Madame. Shemeji leo anapanda basi.

Bafalo alisema njiwa ni jambo dogo. Tatizo ni mwizi. Meno ni ngazi. Mtu anaweza kutoka uchochoroni akapanda jino kwa jino hadi paani, akavuka mapaa ya nyumba nne, akashukia barabara ya mbele kama mtu anayekwenda kazini. Kolombasi alisema mwizi hawezi kupanda juu ya njiwa, serikali ingemkamata kwa ajili ya mayai. Walilizungumza hilo kwa muda. Madame Fomu aliuliza kama kuna yeyote kati yao aliyesoma barua, maana haikutaja mwizi wala ndege.

— Barua haisemi sababu ya kweli, — alisema Kolombasi. — Kule ofisini mchoro hausomwi na mtu. Inasomwa na mashine. Mashine inaona ukuta yenye meno, inasema, hii nyumba imekatwa katikati. Inaandika: nusu imepotea. Halafu inapeleka kwa polisi.

— Polisi wafanye nini?

— Watafute ile nusu.

Bafalo alifikiri, kisha akauliza kama wataanza kuitafuta kwa majirani.

— Lazima. Nyumba zimeshikana.

Timazi alimimina kahawa. Birika lilikuwa limeshavuka nusu. Alizoea mazungumzo haya na kwa kawaida aliyapenda, lakini leo yalikuwa yakipita mbele yake kama magari. Alikuwa akihesabu. Jumatatu saa sita. Akikosa hapo, kikao kingine cha ofisi ni baada ya wiki sita, na baada ya wiki sita ni katikati ya Oktoba. Chokaa hukomaa taratibu. Baridi kali ikiikuta mbichi, inageuka unga. Kukosa Jumatatu ni kukosa mpaka Aprili. Ngazi kumi na nne, mara nne kwa siku, mpaka Aprili.

Madame Fomu alikuwa amefanya hesabu hiyohiyo. Alisema wazee wake wa Highview hawafi kwa magonjwa yanayoandikwa kwenye faili zao. Wengi huanguka tu. Alisema bila kuinua sauti. Kisha akatoa kwenye mkoba kifutio, kipya, kikiwa bado na karatasi yake, akakiweka juu ya mchoro.

— Papa Timazi, futa.

Kolombasi alisema kuna njia nyingine. Meno yajengwe, lakini yavikwe bomba la uongo, wakaguzi waone dohani. Bafalo alipendekeza yageuzwe ndani, yatokee chumbani, mama atundike nguo zake. Kolombasi akasema, au banda la kuku liegemezwe hapo, kwani hakuna mkaguzi anayesogeza kuku. Bafalo akasema, basi meno yavikwe njiwa, maana wana serikali.

— Mimi sitaki kuficha kitu, — alisema Timazi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu barua isomwe.

— Hakuna anayesema umemuacha Bagula, — alisema Madame Fomu. — Siku akifika, utatoboa. Una nyundo. Una tindo.

— Najua kutoboa.

— Sasa?

Timazi aliokota kifutio, akakivua karatasi yake, akaikunja ile karatasi mara nne. Alitazama dirisha la jikoni. Lilikuwa wazi, na mama yake alikuwa ndani akisaga tangawizi kwenye kinu kidogo. Kinu kilisikika, kikasimama, kikasikika tena.

— Chumba ni cha mama. Meno ni ya mama pia, — alisema polepole. — Nikifunga ile pembe, ataona siku ya kwanza. Hataniuliza kitu. Atajua nimesema hafiki.

Kinu kilisimama na hakikuanza tena.

Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani. Bafalo alikunywa kahawa ambayo kikombe chake hakikuwa nayo. Timazi aliishika pembe ya karatasi, akaweka kifutio kwenye jino la chini kabisa, na kulifuta. Lilifutika vizuri. Alikuwa amechora kwa mkono mwepesi. Akapuliza vumbi, akasogea jino la pili.

Hapo pikapu iliingia uchochoroni kinyumenyume.

Aliyekuwa akiiendesha ni Angelika, mwanamke wa miaka kama thelathini, anayekusanya mbao za zamani na kujengea watu wa Beechmont mabanda ya kuku. Timazi alimwita juzi aje achukue zile za kibanda cha kijani, kwani mchoro wowote utakaopita, kibanda lazima kiondoke. Angelika alizaliwa na kukulia kambini Nyarugusu, Tanzania. Kongo hajawahi kuikanyaga.

— Shikamooni, — alisema.

— Bonjour, — alijibu Bafalo.

Alivaa glavu, akauliza kama mbao zote ni zake, Timazi akaitikia kwa kichwa bila kuacha kufuta. Mtarimbo ulianza kulia. Mbao za nje zilitoka kwa urahisi, misumari ilikuwa imeoza. Wakati huo Kolombasi alimweleza mgeni kesi yote, tangu Malkia hadi polisi, na kwa haki akaeleza pia kuhusu meno, na kwamba ni ya ndugu aliyeko Nakivale. Angelika alisikiliza huku akirusha mbao kwenye pikapu. Aliuliza mara moja tu, kuhakikisha: kwa hiyo mtu anaacha matofali yakitokeza kwa sababu kuna watu anaowangoja? Kolombasi akasema ndiyo, kwao ni hivyo. Angelika akasema kambini walijenga kwa udongo, na ukuta wa udongo haukuachwa na meno.

Kisha akaingia ndani ya kibanda, ambako mbao nyingine zilikuwa zimepigiliwa juu ya ukuta wenyewe wa nyumba, na kwa muda ilisikika misumari tu. Timazi alikuwa amefika jino la sita. Jumla yalikuwa ishirini na mawili.

Mtarimbo ulinyamaza.

— Baba, — aliita Angelika. — Njoo uone kama hii nayo nibomoe.

Timazi alisimama, mchoro mkononi. Wengine walimfuata, siti ikabaki tupu.

Ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi ya miaka mingi. Upande wa kushoto, kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa cha Bafalo, ambaye ni mrefu, matofali yalikuwa yametokeza nusu. Tofali nje, tofali ndani. Tofali nje, tofali ndani. Hayakuwa yamevunjika. Yalikuwa yameachwa hivyo, kingo zake zikiwa kali kama siku yalipotoka tanuruni, na katika nafasi zilizokuwa wazi kati yake chokaa ilikuwa imelainishwa kwa ncha ya mwiko, ili atakayekuja asipate kazi ya kukwangua.

Timazi alipitisha kidole katika nafasi moja. Kisha ya pili. Akatoa nivo mfukoni, ile fupi asiyotoka nyumbani bila kuwa nayo, akaiweka juu ya jino. Kiputo cha hewa kilikaa katikati. Miezi kumi na minne alikuwa amekunywa kahawa akizitazama mbao zilizofunika kitu hiki. Meno yalikuwa mahali hasa ambapo mchoro wake ulionyesha ukuta wa kushoto wa chumba kipya unaanzia, mahali ambapo alikuwa amepanga kutoboa kwa tindo siku mbili nzima. Hakutakuwa na kutoboa.

Kolombasi alifungua mdomo. Kila mtu alingoja shemeji. Akaufunga.

Madame Fomu alikuwa ameirudia barua. Alisoma kwa sauti ndogo, kidole kikifuata maneno: au aonyeshe mfano. Akatoa simu, akapiga picha tatu, moja akiwa amechuchumaa. Akasema Jumatatu atazipeleka mwenyewe, kabla ya zamu, na angependa kumwona huyo mtu wa ofisi akizitazama.

Angelika alikuwa bado ameshika mtarimbo. Aliyatazama meno, kisha akautazama mchoro mkononi mwa Timazi, kisha meno tena.

— Na huyu aliyejenga hapa, — aliuliza, — yeye alikuwa anamngoja nani?

Bafalo alikuna kidevu. Buffalo haikumsaidia. Madame Fomu aliitazama barua kana kwamba ingeweza kuwa na upande wa pili. Mlango wa jikoni ulifunguliwa, na Mama Nabintu akatoka taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine ukishika birika, ili kuwaambia kwamba kahawa imekwisha na tangawizi imekwisha. Alifika pale walipokuwa wamesimama. Hakuna aliyempisha, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka. Alimpa Bafalo birika, akanyoosha mkono, akaushika ukuta mahali ulipotokeza, na kubaki ameushika, kama anavyoshika wakati ameufikia mwisho wa ngazi.

Angelika alikuwa bado anangoja kujibiwa.

Timazi alirudi kwenye ndoo yake. Alilaza mchoro magotini, akatoa penseli sikioni, na kuanza kurudisha meno sita aliyoyafuta, kuanzia la chini, safari hii kwa mkono mzito.